Alexander Maconochie

Alexander Maconochie (Edinburgh, Uskoti, 11 Februari 1787 – Morden, Uingereza, 25 Oktoba 1860) alikuwa ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, mwanajiografia na mkuu wa magereza. Anakumbukwa hasa kwa miaka 4 aliyoongoza koloni la wafungwa katika Kisiwa cha Norfolk, mashariki kwa Australia, mahali ambapo kabla yake baadhi ya wafungwa waliona heri kufa kuliko kuendelea kuishi. Huko alijaribu mfumo wa alama, uliokusudiwa kumwezesha mfungwa kufupisha kifungo chake kwa kazi na mwenendo wake mwenyewe.

Maconochie hakuandika kitabu juu ya kujiua. Hata hivyo suala hilo lilimkuta mara mbili katika kazi yake: kwanza kisiwani Norfolk, alikopokea wafungwa waliokata tamaa kabisa, halafu mjini Birmingham, ambako gereza aliloondolewa lilikuja kujulikana nchi nzima kwa kifo cha mtoto wa miaka 15.

Utoto na ujana

Alizaliwa katika familia ya wanasheria. Baba yake, aliyeitwa pia Alexander, alifariki mtoto akiwa bado mdogo, naye akalelewa na jamaa yake Allan Maconochie, hakimu aliyejulikana kwa cheo cha Lord Meadowbank. Ilitarajiwa kwamba kijana naye angesomea sheria, lakini yeye alipenda bahari. Mwaka 1803 alijiunga na jeshi la majini, wakati Uingereza ilipokuwa vitani na Ufaransa ya Napoleon.

Mwishoni mwa Desemba 1811 alikuwa ndani ya manowari ndogo iliyoitwa Grasshopper, ambayo ilikumbwa na dhoruba karibu na kisiwa cha Texel, Uholanzi. Manowari kubwa Hero iliyokuwa ikisafiri pamoja nayo ilivunjika, na karibu mabaharia wake wote walikufa maji. Grasshopper haikuzama, lakini ilijikuta mahali isipoweza kutoka, ikabidi ijisalimishe kwa adui. Maconochie na wenzake walitembezwa kwa miguu katika baridi kali kutoka Uholanzi mpaka mji wa ngome wa Verdun, Ufaransa. Huko alikaa kama mateka wa vita hadi Napoleon alipoanguka mwaka 1814.

Waandishi wa maisha yake hupenda kuona katika kifungo hicho mbegu ya kazi yake ya baadaye. Ni rahisi kukubaliana nao, ingawa kati ya Verdun na ripoti yake ya kwanza juu ya magereza ilipita zaidi ya miaka 20 ambayo alijishughulisha na mambo mengine kabisa. Lililo hakika ni kwamba, kati ya wakuu wa magereza wa karne ya 19, wachache sana walikuwa wamewahi kufungiwa wao wenyewe.

Baada ya vita alirudi Edinburgh, akasoma jiografia, na mwaka 1822 akamwoa Mary Hutton Browell. Mwaka 1828 familia ilihamia London. Mwaka 1830 alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Shirika la Kifalme la Jiografia na katibu wake wa kwanza, na mwaka 1833 akawa profesa wa kwanza wa jiografia katika Chuo Kikuu cha London, ambacho leo ni University College London.

Van Diemen's Land

Mwaka 1836 rafiki yake John Franklin, mpelelezi maarufu wa bahari za kaskazini, aliteuliwa kuwa gavana wa Van Diemen's Land, kisiwa kinachoitwa leo Tasmania. Maconochie alifuatana naye kama katibu wake binafsi, wakafika Hobart Januari 1837.

Wakati ule Uingereza ilikuwa ikiwasafirisha wahalifu wake mpaka Australia tangu mwaka 1788. Wengi wao, walipofika, waligawiwa kwa walowezi kama vibarua wasio na mshahara. Chama kimoja cha London kilichoshughulikia nidhamu ya magereza kilikuwa kimempa Maconochie orodha ndefu ya maswali kuhusu hali ya wafungwa hao. Alichunguza, akaandika ripoti kali: mpango wa kuwagawa wafungwa ulifanana na utumwa, ulimharibu mfungwa na ulimharibu pia bwana wake. Ripoti ilipelekwa London, serikali ikaichapisha mwaka 1838, na magazeti yakaileta habari hiyo tena Hobart. Walowezi walikasirika kuelezwa hivyo mbele ya dunia. Franklin alimwachisha kazi.

Hata hivyo ripoti hiyohiyo ilisomwa na kamati ya Bunge iliyokuwa ikichunguza usafirishaji wa wafungwa chini ya uenyekiti wa William Molesworth. Kamati ilipendekeza mawazo yake yajaribiwe. Mahali alipopewa palikuwa pagumu kuliko pote: Kisiwa cha Norfolk.

Kisiwa cha Norfolk kabla ya Maconochie

Norfolk ni kisiwa kidogo chenye eneo la kilomita za mraba 35 hivi, kilichopo katika Pasifiki takriban kilomita 1,400 kutoka pwani ya Australia. Ni kizuri kwa macho, chenye misonobari mirefu na udongo mwekundu wenye rutuba. Mwaka 1825 serikali ya New South Wales ilikifungua upya kama gereza la wafungwa walioitwa wa hukumu ya pili, yaani watu waliokuwa wamehukumiwa Uingereza, wakapelekwa Australia, halafu wakatenda kosa lingine wakiwa huko. Nia haikufichwa. Kisiwa kilikusudiwa kiwe mahali pa adhabu ya mwisho kabla ya kifo, ili jina lake peke yake liwatishe wafungwa wa Sydney.

Wafungwa walifanya kazi ya sulubu wakiwa na minyororo miguuni. Viboko vilitolewa kwa makosa madogo kabisa, na manyapara walichaguliwa miongoni mwa wafungwa wenyewe, mara nyingi wale waliokuwa tayari kuwaumiza wenzao. Lililokuwa zito zaidi ni kwamba wengi wao hawakuwa na tarehe ya kutazamia. Aliyehukumiwa maisha hakuwa na njia ya kubadili hali yake kwa kutenda mema, na kwa kutenda mabaya hakuwa na la kupoteza.

Katika hali hiyo ndipo ilipozuka desturi inayosimuliwa katika taarifa kadhaa za wakati ule. Kikundi cha wafungwa kilipiga kura. Mmoja aliangukiwa na kura ya kuuawa, mwingine kura ya kumwua, na waliobaki wakawa mashahidi. Mauaji hayakuweza kuhukumiwa kisiwani, hivyo mwuaji na mashahidi walipelekwa Sydney. Mwuaji alijua atanyongwa. Mashahidi walipata angalau safari na majuma machache mbali na Norfolk. Wengi wa wafungwa walikuwa Wakristo walioamini kwamba kujiua ni dhambi isiyosameheka, na kura iliwapa njia ya kufa bila kujiua kwa mkono wao wenyewe. Wanahistoria hawakubaliani juu ya mara ngapi jambo hilo lilitokea, na inawezekana kwamba masimulizi yalikua kadiri yalivyorudiwa.

Kuna tukio jingine lenye ushahidi wa mtu aliyekuwepo. Januari 1834 wafungwa waliasi na kushindwa. Wengi walihukumiwa kufa, lakini wengine adhabu yao ikabadilishwa. Padre Mkatoliki William Ullathorne alitumwa kutoka Sydney kuwaandaa wale watakaonyongwa, na ni yeye aliyewapa habari. Alipoyasoma majina, aliona kinyume cha alichotazamia: waliosamehewa walilia, na waliotajwa kufa walipiga magoti kumshukuru Mungu. Watu 13 walinyongwa. Ullathorne alisimulia aliyoyaona mbele ya kamati ya Molesworth, na ushuhuda wake ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyoigusa Uingereza. (Kwa sadfa, miaka mingi baadaye Ullathorne alikuwa askofu wa Birmingham wakati Maconochie alipokuwa mkuu wa gereza la mji huohuo.)

Mfumo wa alama

Maconochie alifika Norfolk Machi 1840 pamoja na mke na watoto wake. Wazo lake kuu lilikuwa kwamba hukumu ipimwe kwa kazi badala ya kupimwa kwa muda. Badala ya miaka 7, mfungwa ahukumiwe kupata alama 6,000. Badala ya miaka 10, alama 7,000. Badala ya maisha, alama 8,000. Alama zilipatikana kwa kazi na mwenendo mwema, nazo zilipotea kwa makosa. Mfungwa aliweza pia kuzitumia kununulia chakula bora au vitu vingine, lakini kila aliyefanya hivyo alijua anarefusha kifungo chake. Kwa njia hiyo alilazimika kila siku kuchagua kati ya raha ya leo na uhuru wa kesho, kama afanyavyo mtu huru mwenye mshahara.

Hatua ya kwanza ilikuwa ya adhabu na mafundisho. Baadaye wafungwa walijiunga katika vikundi vya watu 6 waliochaguana wenyewe. Kikundi kilikuwa na hesabu moja: kosa la mmoja liliwapunguzia wote, na bidii ya mmoja iliwafaidi wote. Wapinzani waliona hapo udhalimu, maana mtu aliadhibiwa kwa kosa la mwenzake. Maconochie yeye aliona kwamba mfungwa ambaye hakuna anayejali kama yu hai au amekufa ndiye aliye katika hatari kubwa zaidi, na kwamba kikundi kingempa watu 5 wenye sababu ya kumwangalia.

Mengine aliyofanya hayakuhitaji hesabu. Aliondoa mti wa kunyongea uliosimama mbele ya macho ya wote. Alipunguza viboko na minyororo. Aliruhusu makaburi ya wafungwa yawekwe mawe yenye majina. Alijenga makanisa mawili, la Wakatoliki na la Waprotestanti, akaanzisha maktaba, akaleta vyombo vya muziki, na akawapa wafungwa vipande vya ardhi walime mboga na tumbaku. Yeye na familia yake walitembea kisiwani bila walinzi.

Tarehe 25 Mei 1840, katika sikukuu ya kuzaliwa kwa Malkia Victoria, alifungua milango ya kambi. Wafungwa walizunguka kisiwa kwa uhuru, wakala chakula kizuri, wakanywa afya ya malkia kwa ramu kidogo iliyochanganywa na maji ya limau, wakaigiza mchezo wa kuigiza, na jioni fataki zikarushwa. Ilipopigwa ishara ya kurudi, walirudi wote bila fujo. Kwa Maconochie siku hiyo ilikuwa ushahidi. Kwa Sydney na London ilikuwa kashfa, kwa kuwa kisiwa kilichokusudiwa kutisha kilikuwa kimefanya karamu.

Habari za Charles Anderson

Mfungwa mmoja anatajwa karibu katika kila maandishi juu ya Maconochie. Charles Anderson alikuwa yatima aliyelelewa katika nyumba ya maskini, akawa baharia, na akajeruhiwa kichwani katika vita vya majini. Tangu hapo, alipokunywa pombe au alipochokozwa, alikuwa mkali asiyezuilika. Alihukumiwa na kusafirishwa Sydney. Huko alitoroka mara kwa mara na kuchapwa viboko mamia kwa mamia, mpaka akafungwa kwa mnyororo kwenye mwamba wa kisiwa cha Goat katika bandari ya Sydney, ambapo watu waliopita kwa mashua walimtupia mikate na kumchokoza. Hatimaye alipelekwa Norfolk. Kule nako wafungwa wenzake walimfanyia mzaha, naye alizidi kuwa kama mnyama aliyejeruhiwa.

Maconochie aliwakataza watu kumchokoza, akampa kazi ya kuchunga maksai wakorofi ambao wengine waliwaogopa. Anderson aliwatuliza maksai, na kazi ikamtuliza yeye. Baadaye alipewa kituo cha bendera za ishara juu ya mlima Pitt, akaishi huko katika nyumba yake, akipandisha bendera kila meli ilipoonekana na kutunza bustani yake. Gavana George Gipps wa New South Wales alipozuru kisiwa mwaka 1843 alimwona mtu mchangamfu aliyevaa nguo za baharia, akashangaa kuambiwa kwamba huyo ndiye yule wa mwambani.

Habari hii husimuliwa kama mfano wa huruma, na ni kweli. Lakini ukiitazama kwa karibu utaona pia utaratibu: aliondolewa waliomtesa, akapewa kazi iliyomfaa, akapewa kitu ambacho kisingekwenda bila yeye. Maconochie hakumtenga ili kumlinda.

Mipaka na makosa

Mfumo haukupata kujaribiwa kikamilifu. Gavana Gipps aliagiza utumike kwa wafungwa wapya tu, 600 hivi waliokuja moja kwa moja kutoka Uingereza, na usiwaguse wale wa hukumu ya pili. Maconochie aliona haiwezekani kuwaweka watu katika kisiwa kimoja kwa sheria mbili, akawapa wote alama. Tatizo kubwa lilikuwa kwamba hakuwa na mamlaka ya kuzilipa. Mfungwa aliweza kutimiza alama zake zote na bado asiachiliwe, kwa sababu sheria ya hukumu ilikuwa ileile na serikali haikuahidi chochote. Wengine walipolitambua hilo, bidii yao ilipungua. Ni haki kusema kwamba Maconochie alitoa ahadi kabla ya kupata uwezo wa kuitimiza, na katika gereza ahadi iliyovunjika inaweza kuumiza kuliko ukimya.

Matukio mabaya nayo yalikuwepo. Mwaka 1842 wafungwa waliiteka meli Governor Phillip, damu ikamwagika, na walioponea walipelekwa Sydney kuhukumiwa. Gharama za kisiwa zililalamikiwa London. Gipps, aliyekuwa na mashaka tangu mwanzo, alikwenda mwenyewe Machi 1843, akakagua kwa siku kadhaa, na akaandika taarifa nzuri kuliko watu walivyotazamia: wafungwa walikuwa watulivu na wenye adabu. Lakini uamuzi wa kumwondoa Maconochie ulikuwa umeshafanyika London kabla taarifa hiyo haijafika. Aliondoka kisiwani mwanzoni mwa mwaka 1844. Karibu wafungwa 1,400 walikuwa wameachiliwa katika kipindi chake, naye alishikilia mpaka mwisho wa maisha yake kwamba sehemu kubwa yao hawakurudia uhalifu.

Aliyemfuata, Joseph Childs, alirudisha ukali wa zamani na kuwanyang'anya wafungwa mambo waliyozoea. Julai 1846, vyombo vyao vya kupikia vilipochukuliwa, walifanya ghasia na kuua watu 4 wa utawala. Oktoba mwaka huo watu 12 walinyongwa. Gereza la Norfolk lilifungwa mwaka 1855.

Birmingham

Maconochie alirudi Uingereza, na mwaka 1846 akachapisha kitabu juu ya uhalifu, adhabu na mfumo wa alama. Mwandishi Charles Dickens alichukua mawazo yake katika kuendesha nyumba ya wanawake waliotoka mitaani na magerezani. Mwaka 1849, kwa msaada wa mwanasheria Matthew Davenport Hill, Maconochie alipewa uongozi wa gereza jipya la Birmingham katika eneo la Winson Green.

Huko alibanwa kuliko kisiwani. Sheria haikumruhusu kufupisha vifungo, mahakimu wa mji walimtilia shaka, na msaidizi wake William Austin aliamini ukali tu. Mwaka 1851 mahakimu walimwondoa wakimlaumu kwa upole, wakampa Austin nafasi yake.

Chini ya Austin, mfungwa alizungusha mashine ya mkono iliyowekwa chumbani mwake. Mashine hiyo haikusaga wala kuvuta kitu chochote. Ilikuwa uzito tu, na idadi ya mizunguko ilihesabiwa. Mzunguko kamili wa siku ulikuwa 10,000. Aliyeshindwa kutimiza alinyimwa chakula, akapewa mkate na maji, na aliyepungukiwa nguvu kwa njaa alishindwa zaidi siku iliyofuata. Ni vigumu kupata picha iliyo kinyume zaidi cha mfumo wa alama: hesabu ipo hapa pia, lakini haimfikishi mtu popote.

Machi 1853 aliletwa Edward Andrews, mvulana wa miaka 15 aliyehukumiwa miezi 3 kwa kuiba nyama ya ng'ombe. Alishindwa kutimiza mizunguko, akanyimwa chakula, akafungwa ukutani akiwa amesimama, amevalishwa koti la kubana mikono na ukosi mgumu wa ngozi, na akamwagiwa maji. Tarehe 27 Aprili alijiua chumbani mwake. Alikuwa amekaa gerezani mwezi mmoja.

Uchunguzi wa kifo chake uliamsha hasira ya umma, na serikali ikaunda tume. Ushahidi ulionyesha kwamba hakuwa peke yake: wafungwa wengine walikuwa wamejaribu kujiua katika gereza hilohilo. Viongozi walidhani wanajifanya ili wakwepe kazi, na jibu lao lilikuwa adhabu zaidi. Hilo halikuwa jambo la Birmingham pekee. Katika Uingereza kujaribu kujiua kulihesabiwa kuwa kosa la jinai hadi mwaka 1961, na mfungwa aliyekutwa katika hali hiyo alionekana mkosaji kabla ya kuonekana mgonjwa au mtu aliyezidiwa.

Tume ilimlaumu Austin na daktari wa gereza. Austin alishtakiwa na mwaka 1855 akafungwa miezi 3, muda uleule aliokuwa amehukumiwa Andrews. Mwaka 1856 Charles Reade aliyageuza matukio hayo kuwa riwaya iliyosomwa sana. Maconochie naye hakuachwa bila doa: ingawa utu wake ulisifiwa, tume ilikuta kwamba hata wakati wake zilitolewa adhabu ambazo sheria haikuziruhusu. Wasifu unaomchora kama mtakatifu huruka sehemu hii.

Miaka ya mwisho

Baada ya Birmingham hakupewa tena gereza. Aliendelea kuandika na kuhojiwa na watu walioshughulikia marekebisho, miongoni mwao Mary Carpenter, aliyepigania shule za watoto wahalifu. Afya yake ilidhoofika. Alifariki Morden, kusini mwa London, tarehe 25 Oktoba 1860, akazikwa katika uwanja wa kanisa la Mtakatifu Laurenti.

Urithi

Mawazo yake yaliendelea kupitia wengine. Kuanzia mwaka 1854 Walter Crofton aliyatumia katika magereza ya Ireland, safari hii kwa kuungwa mkono na sheria: mfungwa alipanda hatua kwa hatua na mwisho akaachiliwa kwa masharti kabla ya muda wake. Mkutano wa magereza uliofanyika Cincinnati, Marekani, mwaka 1870 uliupokea mtazamo huo, na gereza la Elmira katika jimbo la New York, lililofunguliwa mwaka 1876 chini ya Zebulon Brockway, liliutekeleza kwa namna yake. Kutoka huko parole ilienea katika nchi nyingi. Tanzania ina Bodi za Parole chini ya sheria ya mwaka 1994.

Katika Australia Maconochie alikuwa karibu amesahaulika mpaka mwaka 1958, jaji John Vincent Barry alipochapisha kitabu juu ya maisha yake.

Kuhusu kuzuia kujiua magerezani, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2007. Unashauri kumpima mfungwa hatari mara anapoingia, kuwafundisha askari magereza kutambua dalili, kuendeleza mawasiliano yake na watu, na kutomtenga peke yake aliye hatarini. Mwongozo huo umetokana na utafiti wa kisasa, si na maandishi ya Maconochie. Lakini anayejua habari za Anderson na Andrews ataitambua kila hatua: mmoja aliondolewa upwekeni, mwingine aliachwa humo, na umri wake, udhaifu wake na woga wake vilionekana na watu waliompitia kila siku wasiofundishwa kuviona kuwa ni hatari.

Gereza kuu la mji wa Canberra, lililozinduliwa mwaka 2008, limepewa jina lake na lilijengwa kwa kufuata misingi ya haki za binadamu. Vifo vya wafungwa vimetokea humo pia, na vimechunguzwa hadharani.